Aliyeiandika Lamu kwa macho ya nduguye: maisha ya Rider Haggard

Klabu yetu ya vitabu hukutana Jumamosi moja kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, barazani kwa mwenzetu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa. Msimu huu tulikubaliana kusoma riwaya za maajabu zilizojengwa juu ya historia, yaani zile hadithi zenye wachawi, miji iliyopotea na hazina zilizofichwa, lakini mizizi yake imo katika mambo yaliyotokea kweli. Kila mtu alitakiwa kuja na jina la kitabu kimoja, kisha tuchague.

Mwalimu wetu mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alikuja na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Alikisoma akiwa mtoto wa shule na mpaka leo anaweza kukusimulia sura kwa sura. Binti mmoja wa chuo kikuu alikipinga hata kahawa haijamiminwa. Alisema kitabu hicho kiliandikwa na mkoloni, kimewadharau wazee wetu, na hakuna haja ya kukirudisha barazani. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba kitabu hakihukumiwi kabla ya kufunguliwa. Binti naye, kwa heshima zake zote, akamwambia kuwa yeye alikifungua, na ndiyo maana anakipinga. Baraza likachafuka. Mwishowe nikatumwa mimi nikamchunguze huyo mwandishi, nijue ni nani, alitoka wapi na aliyatoa wapi aliyoyaandika, kisha nirudi na rai.

Nakiri mapema kuwa sikuwa hakimu asiye na upande. Kitabu hicho nilikipenda mno utotoni. Na nilipopelekwa Gedi mara ya kwanza, nikasimama mbele ya kuta za msikiti mkubwa na yale makaburi ya mawe, swali langu la kwanza lilikuwa ni wageni gani waliojenga pale. Halikunipitia hata kidogo wazo kwamba huenda ni watu wa hapahapa. Nani alinitia swali hilo kichwani? Nilipoyasoma maisha ya Haggard, nilianza kupata jibu.

Henry Rider Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye ardhi, mtu wa sauti kubwa na hasira za karibu, na alimwona Rider kuwa ndiye mzito wa akili kuliko ndugu zake. Kaka zake walilipiwa shule za fahari. Yeye akapelekwa shule ya kawaida mjini Ipswich. Alifanya mtihani wa kuingia jeshini akaanguka. Akapelekwa London kujiandaa kwa mtihani wa Wizara ya Mambo ya Nje, na huo hakuufanya kabisa.

Mwaka 1875 baba yake alipata habari kuwa Sir Henry Bulwer, mtu wa Norfolk mwenzao, ameteuliwa kuongoza koloni la Natal kusini mwa Afrika. Akamwombea kijana wake nafasi ya ukarani. Kazi ilipatikana, mshahara haukuwapo. Ndivyo mtoto aliyeonekana hafai kwao alivyotumwa Afrika akiwa na miaka 19. Hilo si jambo geni katika historia ya wakoloni, kwani wengi walioletwa kututawala walikuwa watoto waliokosa nafasi nyumbani.

Lakini kijana huyu alikuwa na sikio. Natal alikutana na Sir Theophilus Shepstone, aliyekaa na Wazulu miaka mingi na kukijua Kizulu barabara. Shepstone na wenzake walikuwa na hadithi zisizokwisha kuhusu Shaka, Dingane, vita vya koo na waganga waliowanusa wachawi. Rider alisikiliza akaweka akibani. Alimjua pia mzee mmoja shujaa wa asili ya Uswazi, Mhlopekazi, aliyesifika kwa shoka lake. Baadaye alimtia katika riwaya zake kwa jina la Umslopogaas. Mzee huyo aliishi hadi mwaka 1897, kwa hiyo wakati jina lake likiuza vitabu London, mwenyewe alikuwa hai Natal.

Mwaka 1877 Shepstone aliongoza msafara mdogo hadi Pretoria na kuitwaa Transvaal kwa jina la Malkia Victoria. Haggard alikuwamo. Tarehe 24 Mei mwaka huo, siku ya kuzaliwa Malkia, ni mikono ya kijana huyu wa miaka 20 iliyoipandisha bendera ya Uingereza pale Pretoria. Mwaka uliofuata akawa msajili wa Mahakama Kuu ya Transvaal. Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana, na miongoni mwa waliouawa mlikuwa na watu aliowajua. Miezi michache baadaye ufalme wa Wazulu ulivunjwa na Mfalme Cetshwayo akachukuliwa mateka. Kijana huyu, basi, aliuona ufalme wa Kiafrika ukiwa umesimama, kisha akauona ukianguka, na serikali iliyouangusha ndiyo iliyokuwa imemwajiri.

Upande wa moyo mambo hayakumwendea vizuri. Kabla ya kusafiri alimpenda msichana aliyeitwa Lilly Jackson. Alipokuwa Afrika, Lilly aliolewa na mtu mwingine mwenye mali. Mwaka 1880 Haggard alimwoa Louisa Margitson, mwanamke mwenye ardhi kutoka Norfolk, wakarudi pamoja Natal kufuga mbuni karibu na mji wa Newcastle. Hawakudumu. Makaburu waliinuka dhidi ya Waingereza, na Februari 1881 Waingereza wakapigwa vibaya pale Majuba, si mbali na shamba lao. Mazungumzo ya kuirudisha Transvaal kwa Makaburu yalifanyika ndani ya nyumba ya Haggard mwenyewe, aliyokuwa ameikodisha kwa ajili hiyo. Bendera aliyoipandisha kwa mkono wake ilishushwa kwa makubaliano yaliyoandikwa chini ya paa lake. Mwaka huohuo familia ikarudi Uingereza.

Huko alisomea sheria, na mwaka 1885 akawa wakili. Kesi zilikuwa chache, muda ulikuwa mwingi. Alikuwa ameshaandika kitabu cha siasa kuhusu Cetshwayo mwaka 1882 na riwaya mbili zisizouzika sana. Siku moja, akiwa safarini na mmoja wa kaka zake, walizungumzia Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, kitabu kilichokuwa kikisifiwa kila mahali. Haggard alisema haoni cha ajabu. Kaka akamwambia hawezi kuandika hata nusu ya kile, wakawekeana dau dogo. Haggard akaketi usiku baada ya usiku, akasimama baada ya wiki sita hivi akiwa na kitabu kamili.

Kampuni ya Cassell ilimpa hiari ya kuchukua pauni 100 taslimu au asilimia kumi ya mauzo. Alikuwa anaelekea kuchukua fedha taslimu, mpaka karani mmoja aliyekuwa chumbani alipomnong'oneza kuwa achague asilimia. Akamsikiliza. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na London ikaamka ikiwa na mabango yakikitangaza. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Wakili asiye na kesi akawa tajiri.

Sasa tuangalie kilichomo. Allan Quatermain, mwindaji mzee, anawaongoza Waingereza wawili kuvuka jangwa na milima, wakifuata ramani ya Mreno wa karne ya 16, hadi nchi ya Wakukuana. Huko wanamkuta mfalme dhalimu Twala, ajuza mchawi Gagool, na Ignosi, mrithi halali aliyekuwa amejifanya mtumishi wao. Kuna vita vikubwa, kuna mlango wa jiwe unaojifunga wenyewe, kuna almasi makasha kwa makasha. Jeshi la Wakukuana limetolewa moja kwa moja kwa Wazulu, kuanzia vikosi vyake hadi nidhamu yake. Sherehe ya kuwanusa wachawi ni ile aliyosimuliwa Natal. Hayo ndiyo mambo ya kweli.

Lakini ziko barabara kubwa ya mawe, sanamu zilizochongwa na migodi yenyewe. Je, ni kazi ya nani? Wakukuana wa Haggard hawajui. Wanaishi pembeni ya kazi hizo kama wapangaji wanaoishi katika nyumba ya mtu mwingine. Msomaji anaachiwa aelewe kwamba zilijengwa na watu wa kale kutoka mbali, wa zama za Nabii Suleiman. Wazo hilo halikuanzia kwake. Wareno waliofika Sofala karne ya 16 walikuwa wakisema huenda ndiyo Ofiri, nchi ya dhahabu ya Suleiman. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akaona ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, akatangaza kuwa ni kazi ya Malkia wa Sheba. Uvumi wa namna hiyo ulikuwa umejaa kusini mwa Afrika siku za Haggard. Yeye aliupa miguu ukatembea dunia nzima.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi wa Pwani. Haggard alikuwa na kaka, John, waliyemwita Jack, ofisa wa jeshi la wanamaji. Katikati ya miaka ya 1880 Jack alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza Lamu. Rider hakuwa amefika Lamu, lakini nduguye aliketi pale, na habari za pwani yetu zikapita kwake hadi Norfolk. Riwaya ya pili ya mwindaji yule, Allan Quatermain, iliyotoka kama kitabu mwaka 1887, inaanzia safari yake Lamu, barazani kwa balozi. Wageni wanazungumza, wanakodi wapagazi, kisha wanapanda Mto Tana kwa mitumbwi hadi kwenye misheni ya Mskoti mmoja, ambako wanapigana na Wamasai. Kutoka hapo wanasonga bara hadi Zu-Vendis, nchi ya watu weupe yenye mji wa marumaru, iliyojificha katikati ya Afrika.

Ebu tulipime jambo hilo. Lamu ya mwaka 1887 ilikuwa mji wa nyumba za mawe za ghorofa, wenye milango ya nakshi, misikiti na madrasa, mafundi wa majahazi na washairi. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama alimwandikia bintiye mwaka 1858, ulikuwa na umri wa karibu miaka thelathini. Lakini katika riwaya ile Lamu ni mahali pa joto na uvundo pa kukodishia watu. Mji wa mawe wenye ustaarabu unatafutwa mbele zaidi, miezi ya safari kuelekea bara, na ukipatikana wenyewe ni weupe. Mwandishi aliuruka mji wa kweli uliokuwa mbele ya macho ya nduguye, akaenda kubuni wa uongo.

Alifanya vilevile katika She, riwaya aliyoiandika mwaka 1886, nayo kwa wiki sita hivi. Dau linavunjika pwani ya Afrika, wasafiri wanapita kwenye vinamasi hadi magofu ya mji wa Kôr. Anayetawala hapo ni Ayesha, mwanamke mweupe aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili. Jina ni letu, la kila nyumba ya Pwani, lakini mwenye jina ametolewa kwingine, na mji uliokufa si wa watu wanaoishi kandokando yake. Kitabu hicho kiliuzwa mamilioni. Na mwaka 1900, katika Elissa, Haggard aliitaja Zimbabwe kwa jina na kuijaza Wafoinike.

Nisije nikamdhulumu marehemu. Haggard hakuwa mtu wa matusi tu. Mwishoni mwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, Ignosi akishapata kiti chake anakataa wafanyabiashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake, na anawakataa wahubiri pia. Kwa kitabu cha 1885, mwaka uleule Mkutano wa Berlin ulipomalizika, maneno hayo kinywani mwa mfalme mweusi si madogo. Mwaka 1892 alitoa Nada the Lily, riwaya ya zama za Shaka ambayo wahusika wake wakuu wote ni Wazulu, wenye mapenzi, wivu, ushujaa na majuto kama wanadamu wengine. Waandishi wa Kiingereza wa siku zile hawakuwa na desturi hiyo. Lakini katika Mashimo, msichana Foulata anapompenda Captain Good wa Uingereza, mwandishi anamuua ili ndoa isiwepo. Huruma yake ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe aliuchora kwa wino mzito.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa na majonzi ambayo mali haikuyaponya. Mwaka 1891 alikwenda Meksiko, na sehemu ya safari hiyo ilikuwa kutafuta hazina ya kweli, dhahabu ya Waazteki iliyodaiwa kufukiwa. Hazina haikupatikana. Akiwa hukohuko ilimfikia habari kwamba Jock, mwanawe pekee wa kiume, amekufa kwa surua akiwa na miaka tisa. Waliomjua walisema hakuwa mtu yuleyule tena. Miaka ya baadaye mume wa Lilly Jackson alifilisika na kutoroka baada ya kula fedha za amana. Haggard alimpatia Lilly nyumba, akawasaidia watoto wake, na alipougua alimhudumia hadi alipokufa mwaka 1909. Hayo hakuyatangaza.

Alikuwa mkulima makini pia. Alizunguka mikoa ya Uingereza akihesabu mashamba yaliyotelekezwa, na mwaka 1902 akatoa Rural England, kitabu kikubwa kuhusu hali ya wakulima wa nchi yake. Aligombea ubunge mwaka 1895 akashindwa. Mwaka 1912 alipewa cheo cha Sir, na kwa miaka kadhaa akatumikia tume ya kifalme iliyochunguza hali ya nchi zilizokuwa chini ya dola ya Uingereza. Aliiamini dola hiyo hadi mwisho. Alifariki London tarehe 14 Mei 1925, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la Ditchingham, kijiji alichoishi Norfolk.

Mtu alikufa, hadithi ikabaki. Lakini ukweli nao ulikuwa unachimbuliwa. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alikuwa ameichunguza Zimbabwe Kuu na kueleza kuwa ni kazi ya Waafrika, tena ya zama za kati, si ya zama za Suleiman. Haggard aliishi miaka ishirini baada ya hapo, na riwaya zake ziliendelea kuchapishwa vilevile. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena na kufikia jibu lilelile, kwa ushahidi mwingi zaidi.

Mwaka huohuo wa 1929 Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka kwa Kiswahili. Mfasiri alikuwa Frederick Johnson, yuleyule ambaye kamusi yake wengi wetu tumeikuta kabatini kwa wazazi. Tafsiri ni nzuri, Kiswahili chake kinateleza kama maji ya mferejini, na sikuwahi kuona dosari kwa hilo. Ila fikiria mtoto wa Lamu au Malindi aliyeketi darasani miaka iliyofuata. Taarifa ya wanaakiolojia ilikuwa kwa Kiingereza, katika maktaba za mbali. Hadithi ya wajenzi waliotoka ng'ambo ilimjia kwa lugha ya mamake, tamu, yenye vita na almasi. Kati ya hizo mbili, ni ipi iliyomkaa moyoni? Mimi najua jibu, maana ilinikaa mimi, tena miaka mingi baada ya uhuru.

Wala si mchezo wa vitabu tu. Huko Rhodesia, serikali ya walowezi iliendelea hadi miaka ya 1970 kushinikiza kwamba wageni waliotembelea Zimbabwe Kuu wasiambiwe waziwazi kuwa wajenzi walikuwa Waafrika. Mwanaakiolojia Peter Garlake aliyekataa kuuficha ukweli ilibidi aondoke nchini. Waliojua thamani ya hadithi walikuwa wanaitetea hadithi, kwa sababu ukimwonyesha mtu kuwa babu yake hakujenga kitu, ni rahisi kumwambia kuwa nchi nayo si yake.

Na kuna kipande kimoja cha ukweli ambacho kingetosha kuwa riwaya. Zimbabwe Kuu iliokotwa sarafu moja ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ilitoka bara ikashuka Sofala, ikapanda kaskazini hadi Kilwa, ikaenda Uarabuni na Bara Hindi. Waliokuwa katikati ya biashara hiyo ni Waswahili, watu wa majahazi na mizani. Kumbe kweli alikuwapo bin Sulaiman katika habari ya ile dhahabu, ila si yule aliyetafutwa na Wazungu. Alikuwa sultani wa Pwani yetu, na sarafu yake imethibitisha.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa hivyohivyo. Kwa miaka mingi magofu ya Pwani yalielezwa kuwa ni kazi ya wahamiaji kutoka Uarabuni na Uajemi waliokuja na ustaarabu wao tayari mkononi. Kisha katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta msikiti juu ya msikiti: chini kabisa misikiti midogo ya miti na udongo kuanzia karne ya 8, na juu yake ile ya mawe ya matumbawe. Mji ulikua pale pale, hatua kwa hatua, mikononi mwa wenyeji. Hakuna anayekana damu zetu za Hadhramaut wala za kwingine, na dini yetu ilikuja kwa bahari. Lakini wageni waliingia katika mji uliokuwa na wenyewe. Wahenga walishatwambia ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali lililobaki ni kumtaja fundi.

Jumamosi iliyopita nilirudi barazani na rai yangu. Nilisema tukisome. Nilimwambia binti yetu kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba hasira yake ndiyo sababu ya kutokiacha kitabu mikononi mwa watu watakaokisoma bila hasira. Nilimwambia Mwalimu kwamba utamu anaoukumbuka ni wa kweli, na kwamba utamu huo ndio uliobeba sumu. Kisha nikapendekeza kanuni ambayo tutaitumia kwa kila riwaya ya aina hii, iwe ya Haggard au ya mwandishi aliye hai leo. Kwanza tuulize ni historia ya nani iliyochukuliwa. Pili tuulize katika hadithi hiyo nani amepewa mkuki tu na nani amepewa mwiko wa kujengea. Na tatu, kitabu kisiingie barazani peke yake. Kije na historia yake ya kweli, visomwe mwezi mmoja.

Binti alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetusomea habari za Zimbabwe Kuu na Kilwa, na kwamba asome kabla ya Mwalimu kufungua Mashimo. Mwalimu alicheka, akasema zamani mwanafunzi ndiye aliyewekewa masharti, kisha akakubali. Mwezi unaofuata tutakwenda Gedi sote, na tumeshaanza kuchanga nauli. Mimi nina jambo langu la kurekebisha pale mbele ya zile kuta.

Limebaki tatizo moja. Nakala ya tafsiri ya Johnson tuliyo nayo ni moja tu, ya Mwalimu, na imekatika kurasa za mwisho, pale Ignosi anapowaambia wageni kwamba nchi ni yake. Msomaji ukiwa nayo kabatini kwa wazee, tuazime. Tutaitunza na kuirudisha salama, inshallah.